Jinsi ya Kupiga Picha za Vitu Vinavyokwenda Kasi kwa Kamera ya Kidijitali: Mwongozo Kamili

Mkimbiaji anayekwenda mita 10 kwa sekunde, kasi ambayo wanariadha hodari wa mbio za mita 100 huifikia, husogea sentimita 1 katika muda wa 1/1000 ya sekunde. Katika 1/125 ya sekunde husogea sentimita 8, na katika 1/30 ya sekunde huwa ameshakwenda sentimita 33. Ongeza sasa hesabu ya pili: tangu jicho la mpiga picha lilione tukio hadi kidole chake kibonyeze kitufe, hupita takriban moja ya tano ya sekunde, na katika muda huo mkimbiaji yuleyule ameshasogea mita 2. Hesabu ya kwanza huzaa picha yenye ukungu, na ya pili huzaa picha iliyochelewa. Ukungu huondolewa kwa kuipanga kamera vizuri. Kuchelewa hakuna kitufe cha kukuondoa. Huondolewa na mtu aliyeshika kamera, tena kabla tukio lenyewe halijatokea. Wanaoanza kazi hii huhangaika sana na tatizo la kwanza na kulisahau la pili, ndiyo maana mwongozo huu unayapa yote mawili nafasi yake.

Hatua ya kwanza: Chagua kasi ya shata

Shata ni pazia dogo lililo mbele ya kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha. Pazia hilo hufunguka ili mwanga uingie kisha hujifunga. Muda ambao pazia hilo hukaa wazi ndio unaoitwa kasi ya shata, na chochote kinachosogea ndani ya muda huo huacha mburuzo wake katika picha. Geuza gurudumu lililo juu ya kamera hadi kwenye alama ya S, au Tv kwa wenye kamera za Canon, ili kasi hiyo uichague wewe na kamera ikamilishe yaliyobaki.

Kwa mtu anayetembea, 1/250 inatosha. Kwa mtoto anayecheza na kukimbia ovyo, anza na 1/500. Kwa mpira wa miguu, riadha na michezo mingi ya uwanjani, anza na 1/1000 na usishuke chini ya hapo isipokuwa mwanga umekulazimisha. Ndege mkubwa anayeruka kwa mbawa pana huhitaji kama 1/1600, na ndege mdogo mwenye kupiga mbawa harakaharaka huhitaji 1/3200 au zaidi. Hivi ni vianzio tu, kwa sababu mambo matatu hubadilisha hesabu hiyo.

Jambo la kwanza ni mwelekeo. Mwendesha baiskeli anayekatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia huuvuka upana mzima wa fremu, ilhali yule anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera hukua kidogokidogo tu machoni pa lenzi, hata kama wote wawili wana mwendo mmoja. Kwa huyo wa pili waweza kupunguza kasi ya shata hadi nusu na usione tofauti. Jambo la pili ni ukubwa wa mtu ndani ya fremu. Kamera haijui mita. Inachokiona ni umbali ambao taswira imesafiri juu ya kihisi, na lenzi ndefu au kusogea karibu hukuza umbali huo kama inavyomkuza mtu mwenyewe. Kwa hiyo mkimbiaji anayejaza fremu kwa lenzi ya milimita 400 anahitaji shata ya haraka kuliko mkimbiaji huyohuyo akionekana mdogo katikati ya uwanja mpana.

Jambo la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni kwamba viungo vya mwili havina kasi moja. Mchezaji anapopiga shuti, kiwiliwili chake karibu kinasimama, huku mguu unaopiga ukienda kasi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili na mpira ukiondoka kwa kasi kubwa zaidi. Mpira unaokwenda kilomita 108 kwa saa husafiri mita 30 kwa sekunde, maana yake ni kwamba katika 1/1000 ya sekunde unasogea sentimita 3, na utaonekana umevutika kidogo hata kama uso wa mchezaji umetoka safi kabisa. Kwangu mimi mvutiko huo mdogo si kasoro. Uso ukiwa mkali, yaani wazi bila ukungu, na mpira ukiwa na mburuzo mwembamba, mtazamaji anaisikia nguvu ya lile shuti. Uso ukiwa na ukungu, hakuna kinachoweza kuiokoa picha.

Hatua ya pili: Tafuta mwanga wa kuilipia kasi hiyo

Kila unapoufupisha muda wa shata kwa nusu, mwanga unaofika kwenye kihisi nao hupungua kwa nusu. Kutoka 1/250 hadi 1/1000 umebakiwa na robo ya mwanga uliokuwa nao, na robo tatu zilizopotea lazima zirudi kwa njia mojawapo kati ya mbili. Njia ya kwanza ni kulipanua tundu la lenzi, ambalo hupimwa kwa namba za f, na namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa: kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga huongezeka mara nne. Njia ya pili ni kuiongeza ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga: kutoka 400 hadi 1600 picha hung'aa mara nne pia.

Chini ya jua kali la mchana hakuna taabu, kwa kuwa lenzi ya kawaida ikiwa kwenye f/5.6 na ISO ikiwa 400, utapata takriban 1/3200 bila kuhitaji kifaa cha ziada. Taabu huanza jioni na ndani ya kumbi. Ukumbi wa michezo unaoonekana kung'aa kwa macho yetu ni giza kwa kamera, na si ajabu ukajikuta kwenye f/2.8 na ISO 3200 au 6400 ukiwa bado unapigania 1/800. Hapo wengi huogopa chenga, yaani vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, wakairudisha ISO chini na kuishusha kasi ya shata hadi 1/200, kisha wakarudi nyumbani na picha mia tatu ambazo hata moja haina uso ulio wazi. Naomba msomaji alishike hili kuliko jingine lolote katika hatua hii: chenga zinaweza kupunguzwa na programu za kuhariri picha, na katika picha ndogo hata hazionekani, lakini uso uliovurugwa na mwendo hauna dawa. Pandisha ISO bila woga.

Ukishazoea, achana na alama ya S uhamie kwenye M, yaani hali ambayo unachagua mwenyewe kasi ya shata na tundu la lenzi, kisha uiache ISO ijipange yenyewe na uiwekee ukomo, kwa mfano 6400 au 12800 kulingana na uwezo wa kamera yako. Kwa njia hiyo mchezaji anapotoka kwenye jua na kuingia kivulini mwa jukwaa, kasi yako haishuki na tundu halibadiliki. Kinachopanda na kushuka ni ISO peke yake. Angalia tu kamera isidanganywe na rangi. Ndege mweusi akiwa mbele ya anga jeupe, kamera huona weupe mwingi ikaitia picha giza, na ndege akabaki kivuli. Ongeza mwanga kwa stopu 1, yaani mara mbili, au zaidi kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Wachezaji waliovaa nyeupe wakiijaza fremu, picha pia hutoka na giza, na dawa ni hiyohiyo. Mbele ya ukuta mweusi, mambo hugeuka na unapaswa kupunguza.

Hatua ya tatu: Ifundishe fokasi kufuata

Fokasi ni kule kuilenga lenzi kwenye umbali utakaotoka mkali katika picha. Kamera inapotoka dukani mara nyingi huwa imepangwa kwa fokasi ya mara moja: unabonyeza kitufe nusu, kamera inatafuta umbali, inafunga hapo, basi. Kwa mlima au kwa mtu aliyeketi, utaratibu huo hauna ubaya. Kwa kitu kinachokuja kwako, haufai kabisa, na sababu yake inaonekana kwa hesabu. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ikiwa kwenye f/2.8 na mtu akiwa umbali wa mita 10, huacha eneo kali lenye kina cha takriban sentimita 40 tu kutoka mbele hadi nyuma. Mkimbiaji wetu wa mita 10 kwa sekunde hulivuka eneo hilo lote katika 4/100 za sekunde. Ukifunga fokasi kwenye uso wake kisha ukasita kidogo tu kabla ya kubonyeza, kilicho kikali ni hewa iliyo nyuma ya kisogo chake.

Kwa hiyo badilisha kamera iende kwenye fokasi endelevu, ambayo kwenye kamera za Nikon, Sony na Fujifilm huandikwa AF-C, na kwenye Canon huitwa AI Servo au Servo. Katika hali hiyo kamera hupima umbali tena na tena muda wote ulioshikilia kitufe, na hukadiria mtu atakuwa wapi wakati shata itakapofunguka. Ili ukadirio huo uwe mzuri, kamera lazima ipewe nafasi ya kumsoma. Anza kumfuata mapema, sekunde nzima au zaidi kabla ya tukio unalolitaka, ukiwa umemweka ndani ya alama ya fokasi. Anayeinua kamera ghafla na kubonyeza papo hapo anaidai kamera jibu kabla haijasikia swali.

Kuhusu alama za fokasi zenyewe, maoni hutofautiana, nami nitatoa yangu. Usiiachie kamera eneo lote la fremu iamue ikufokasie nini, kwani mara nyingi itamchagua aliye karibu zaidi, awe mwamuzi, nguzo ya goli au bango la matangazo. Chagua alama moja iliyozungukwa na nyingine chache za kuisaidia, uiweke juu kidogo ya katikati, mahali ambapo kifua na uso wa mchezaji hukaa. Kwa ndege angani, ambako nyuma yake hakuna kitu cha kuikanganya kamera, eneo pana ni bora. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) huweza kulitambua jicho la mtu au la mnyama na kulishikilia, na uwezo huo ni wa kweli. Lakini wachezaji wanapojazana mbele ya goli, jicho litakaloshikwa huenda lisiwe lile unalolitaka, na hapo ile alama ndogo ndiyo inayokurudishia mamlaka.

Kuna mpangilio mmoja ambao ukiuzoea hutauacha: kuihamisha kazi ya fokasi kutoka kwenye kitufe cha kupigia picha hadi kwenye kitufe cha nyuma ya kamera, kinachoandikwa AF-ON, au kingine unachoweza kukipangia kazi hiyo. Kidole gumba hushikilia fokasi, kidole cha shahada hupiga. Mtu akipita ghafla kati yako na mchezaji wako, unainua gumba, fokasi inabaki pale ilipokuwa, naye akishapita unabonyeza tena. Siku mbili za kwanza vidole hugongana. Siku ya tatu utajiuliza ulikuwa unafanyaje kazi bila hicho.

Tena pale mahali pa tukio panapojulikana kabla, fokasi ya kufuata haina ulazima. Kiunzi cha kuruka, mstari wa kumalizia na ukingo wa bwawa havihami. Fokasi mahali penyewe, izime fokasi ya kamera ili isihangaike tena, funga tundu hadi f/5.6 kama mwanga unaruhusu ili eneo kali liwe pana zaidi, kisha umsubiri mchezaji afike.

Hatua ya nne: Tumia upigaji mfululizo kwa kiasi

Kamera nyingi za leo hupiga picha 10 au zaidi kwa sekunde kwa kushikilia kitufe, na ni rahisi kuamini kwamba kwa mvua hiyo ya picha hakuna kitakachoponyoka. Tazama lakini mguu unapougusa mpira: mgusano huo hudumu takriban 1/100 ya sekunde. Kamera ya picha 10 kwa sekunde huwa na pengo la 1/10 ya sekunde kati ya picha moja na nyingine, pengo ambalo ni refu mara kumi kuliko mgusano wenyewe. Picha moja itakuwa kabla, ifuatayo itakuwa baada, na lile pigo litapotea katikati. Ukitaka pigo lenyewe, picha ya kwanza ya mfululizo ndiyo unayopaswa kuilenga kwa wakati wake, na zinazofuata uzihesabu kama nyongeza.

Piga kwa mafungu mafupi ya picha 3 hadi 5, uachie, upige tena. Kamera huhifadhi picha kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuziandika kwenye kadi, na kumbukumbu hiyo ikijaa, kamera hugoma au hupunguza mwendo, mara nyingi katika dakika ambayo goli linafungwa. Picha za RAW, yaani ghafi zenye data yote ya kihisi, huijaza haraka kuliko za JPEG, ambazo hubanwa ziwe ndogo. Kadi nayo ina sehemu yake: alama ya V60 maana yake ni kwamba kadi inahakikisha kuandika angalau megabaiti 60 kwa sekunde, na V90 megabaiti 90.

Hatua ya tano: Liwahi tukio

Mwezi Juni mwaka 1878, huko Palo Alto, California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi na kutandaza nyuzi kuikatiza njia hiyo, ili farasi anayekimbia azivute nyuzi hizo na kujipiga picha mwenyewe. Picha zilizopatikana zilithibitisha kwamba kuna wakati kwato zote nne huwa hazigusi ardhi. Mpango ule ulikuwa na busara ambayo bado inafaa: hakuutegemea wepesi wa kidole cha mtu, kwa maana kidole hakiwezi. Ukilingoja tukio ulione kwanza ndipo ubonyeze, umeshalikosa. Lazima ubonyeze kwa lile linaloelekea kutokea.

Ili uweze hivyo, usome mwendo kabla ya kuupiga. Tazama raundi mbili au tatu bila kuinua kamera. Mruka viunzi huhesabu hatua zilezile kati ya kiunzi na kiunzi. Ndege aliyetua tawini mara nyingi huinama na kujikaza kidogo kabla ya kuruka, na wengi huondoka wakiukabili upepo. Mpiga mpira wa kichwa hukunja magoti kabla ya kujirusha. Ishara hizo ndizo zinazokupa ile moja ya tano ya sekunde unayodaiwa na mwili wako.

Halafu kuna zawadi ambayo maumbile yenyewe huitoa. Kila kirukacho juu hufika kileleni, na kileleni mwendo wake wa kupanda umekwisha na wa kushuka haujaanza. Katika 1/10 ya sekunde baada ya kilele, mwili hushuka takriban sentimita 5 tu, na 1/10 kabla yake ulikuwa umebakiza sentimita hizohizo kufika juu. Kwa hiyo kwa muda wa 2/10 za sekunde mrukaji ni kama ametundikwa hewani, na hapo hata 1/320 yaweza kutoa picha kali, ikiwa viungo vyake vimetulia na hakwendi mbele kwa kasi kubwa. Mahali mwanga ulipo hafifu, siri hii ina thamani kuliko lenzi mpya. Mtazame mchezaji wa mpira wa kikapu anapoinuka kurusha: kuna nukta ambapo nywele zinaendelea kupanda, mikono imenyooka, vidole vimeufungukia mpira, na kiwiliwili kimetulia. Nukta hiyo ndiyo unayoipigia.

Jizoeze kutazama kwa macho yote mawili, moja kwenye kitazamio na jingine likiwa wazi nje, ili uone anayekuja kabla hajaingia kwenye fremu. Baadhi ya kamera mpya zina uwezo wa kuhifadhi picha za nusu sekunde au zaidi kabla hujabonyeza kitufe hadi mwisho. Kama yako inao, utumie kwa ndege wanaoondoka tawini, maana hao hawamsubiri mtu.

Usishushe kamera tukio likiisha. Sekunde tano zinazofuata goli au mstari wa mwisho ndizo zenye nyuso, furaha na machozi, na mara nyingi picha inayodumu hutoka humo.

Mahali pa kusimama

Chagua kwanza kitakachoonekana nyuma ya mchezaji, kisha ndipo umchague mchezaji. Magari yaliyoegeshwa na mabango yenye rangi kali huvuta jicho kuliko mtu aliye mbele yake, na kusogea hatua kumi pembeni kunaweza kuviondoa vyote. Piga magoti au keti chini: kutoka chini, mrukaji huonekana juu ya anga na urefu wa mruko wake hudhihirika, ilhali kutoka juu ya jukwaa kila mtu huonekana amebanwa ardhini. Jua liwe nyuma yako au ubavuni. Kaa nje ya mistari na mbali na njia ya magari au wanyama, kwani lenzi ndefu hulipoteza jicho lako katika kupima umbali, na kitu kikionekana kimejaa kwenye fremu huwa kimeshafika.

Kuupeleka mwendo pamoja na kamera

Gari la mashindano likipigwa kwa 1/2000 magurudumu yake husimama, na picha hufanana na ya gari lililoegeshwa. Kwa vyombo vya magurudumu, na wakati mwingine kwa wakimbiaji na wanyama, ni bora kufanya kinyume: shata ya polepole, na kamera ikizungushwa sambamba na kitu, ili chenyewe kibaki kikali huku nyuma yake pakigeuka mistari ya rangi.

Simama ukiwa na nyayo zimeelekea pale utakapopigia, kisha ukisokote kiuno kumwelekea anayekuja. Ukianza na nyayo zimemwelekea yeye, utafika mahali pa kupigia mwili umeshajikaza na kamera inatetema. Bana viwiko mbavuni. Kwa gari linalokwenda kasi anza na 1/125, kwa baiskeli 1/60, kwa mkimbiaji 1/30. Mchukue kwenye fremu akiwa mbali, mfuate kwa kuzungusha kiuno na si mikono, bonyeza polepole katikati ya mzunguko, na uendelee kuzunguka hata baada ya shata kufunga, kwa sababu wengi husimama wakati wa kubonyeza na picha huharibika hapohapo. Kama lenzi yako ina kitulizaji chenye hali mbili, weka ya pili, ambayo kwa kawaida hutuliza mtikisiko wa juu na chini bila kuupinga mzunguko wako.

Mchana wa jua kali, 1/30 huingiza mwanga mno hata kwa ISO 100 na tundu la f/22. Tafuta kivuli, subiri jioni, au funga mbele ya lenzi kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Usivunjike moyo kwa wingi wa zinazoharibika. Mimi hufurahi nikipata mbili safi katika thelathini.

Taa za ndani na shata ya kielektroniki

Siku za mwanzo wa kazi yangu nilipiga mechi ukumbini kwa 1/1000, na katika kila mfululizo picha moja ilitoka sawa, ya pili yenye giza, ya tatu imegeuka rangi ya kahawia. Niliamini kamera imeharibika. Kumbe taa nyingi zinazotumia umeme wa hertzi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na mara 120 pale umeme ulipo wa hertzi 60. Jicho halioni, lakini shata ya 1/1000 hukata kipande kimoja tu cha mpigo huo, kikawa cheupe au cheusi kwa bahati. Kamera nyingi sasa zina mpangilio wa kuzuia mpepeso wa taa, ambao huisubirisha shata hadi taa ifikie mwanga wake wa juu. Uwashe kabla mchezo haujaanza. Ukiwa huna, shuka hadi 1/100 au 1/120 na utumie ile siri ya kilele, au kubali kusawazisha picha mojamoja baadaye.

Shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti, nayo ina hila yake. Kamera nyingi huisoma taswira mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na kitu cha kasi huwa kimeshahama kabla mstari wa mwisho haujasomwa: mpira huwa yai, fimbo ya gofu hupinda, mbawa za ndege huvunjika. Kamera chache, kama Sony A9 III iliyotangazwa mwaka 2023, huisoma taswira yote kwa mara moja na hazina tatizo hilo. Kwa nyingine zenye usomaji wa polepole, tumia shata ya kimakanika, yaani lile pazia lenyewe.

Flashi inaweza kuugandisha mwendo vizuri sana, kwani ikiwa kwenye nguvu ndogo mwako wake hudumu chini ya 1/10000 ya sekunde, ilimradi mahali pawe na giza kiasi kwamba mwanga mwingine hauchangii kitu. Kasi ya shata katika matumizi hayo kwa kawaida haivuki 1/200 au 1/250. Omba ruhusa kwanza. Mwanasarakasi aliyepofushwa hewani anaweza kuumia.

Kusoma makosa

Fungua picha zilizoshindikana, zikuze hadi asilimia 100, na uulize kilicho kikali ni kipi. Ikiwa nyuma ya mchezaji pako wazi kabisa na yeye ana mburuzo wa upande mmoja, shata ilikuwa ya polepole. Ikiwa hakuna mahali popote palipo wazi na kila kitu kimevutika upande uleule, aliyetikisika ni wewe; kaza mkono, au tumia stendi ya mguu mmoja. Ikiwa nyasi za mita moja nyuma yake zinahesabika na uso wake umelainika bila mburuzo, fokasi ilikosea, na kuongeza kasi ya shata hakutabadilisha kitu. Rudi kwenye alama za fokasi na muda wa kumfuata. Kitulizaji cha lenzi husaidia kosa la pili peke yake.

Na ikiwa uso ni mkali, mwanga ni sawa, lakini mpira umeshatoka kwenye fremu na mguu unashuka, usiguse mpangilio wowote. Safari ijayo bonyeza pale mguu unapoanza kurudi nyuma kujiandaa kupiga.